Rimu Zangu Nne, Thina ya Fundi na Sufuria ya Shangazi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nachingwea alinitumia picha. Nilipoifungua nikadhani ni maandazi yaliyoumuka vibaya. Kumbe ni rimu nne za gari lake la rimoti. Alizilaza kwenye thina usiku kucha ili atoe kromu, azipake nyeusi, asubuhi akakuta zimelegea, spoku zimeshikana. Akaniuliza, "Kaka, kuna namna ya kuziokoa?"

Nilimjibu hakuna. Kisha nikabaki naitazama ile picha, maana rimu za namna ile niliwahi kuzishika kwa mikono yangu, na iliniuma.

Gari langu la kwanza la rimoti la maana, kipimo cha moja kwa kumi ya gari halisi, lilitokana na korosho. Ni ule msimu wa 2018, serikali ilipotangaza shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kusomba mzigo. Pesa ilichukua muda wake kufika, nanyi wa kusini mnajua, lakini ilipofika mzee alinikatia fungu langu kwa kubeba magunia. Wenzangu walinunua simu. Mimi niliagiza gari kupitia Kariakoo, likaja Mtwara kwa basi likiwa limefungwa kwenye boksi la sabuni.

Lilikuwa na rimu za kromu zinazong'aa kama sinia la harusi. Nilizipenda kwa siku tatu hivi. Siku ya nne nilishuka nalo pwani ya Shangani maji yakiwa yamekupwa, mchanga mgumu, jamaa wote wapo. Mmoja wao akaliita "gari la bwana harusi". Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Jina likaganda. Hata leo, miaka imepita, kuna mtu akiniona sokoni anauliza bwana harusi hajambo. Mnaosema utani hauumi, hongereni.

Basi nikaamua zile rimu lazima ziwe nyeusi. Nikazipeleka kwa fundi mmoja anayepaka rangi matenki ya pikipiki. Jina lake silitaji. Nilimwuliza kama thina haitaharibu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama bahari ina chumvi, akasema, "Mdogo wangu, plastiki ni plastiki." Nikalipa kabla. Jioni nikarudishiwa vitu vinne vyenye umbo la chapati, na pesa sikurudishiwa, eti plastiki yangu ilikuwa "feki".

Plastiki si plastiki. Ningekuwa na uwezo ningeandika maneno hayo ukutani kwake.

Miezi iliyofuata naiacha, ilikuwa ya kusoma na kuuliza watu. Nilichotoka nacho ni hiki: kabla hujashika brashi, dawa wala sufuria, geuza rimu utazame ndani. Viwanda vingi hupiga chapa ya herufi ndogo upande usioonekana. Ukikuta PA, hiyo ni nailoni, ndugu wa nyavu za wavuvi wetu. Ukikuta ABS, ni ile plastiki ngumu ya maboksi ya redio. PS ni polistireni. Thina na asetoni zinayeyusha hizo mbili za mwisho kama sukari kwenye chai, ila nailoni haishtuki. Ukikuta PP, au rimu ikaelea ukiitia kwenye ndoo ya maji, hiyo ni polipropilini: rangi ya kupaka haishiki, ya kuchemsha haiingii. Iache ilivyo, usishindane nayo.

Rimu zenye kromu mara nyingi ni ABS. Na ile kromu si chuma cha kutisha. Ni utando mwembamba mno wa alumini, umerushwa juu ya plastiki kwa mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa, chini yake kuna vanishi na juu yake vanishi nyingine. Fundi wangu alikuwa anapigana na kivuli.

Kinachotoa alumini hiyo ni Jik, hii hii ya kufulia mashuka. Unavua matairi kwanza. Kama yamegandishwa kwa supaglu, chovya gurudumu zima kwenye maji ya moto sana kwa dakika kadhaa, gundi inalegea, kisha unavuta taratibu ukizunguka. Usidanganywe kutumia dawa ya kutolea rangi ya kucha kwenye ABS, nyingi zina asetoni. Halafu vaa glavu, kaa nje, tumbukiza rimu kwenye beseni la plastiki lenye Jik. Mara yangu ya kwanza, kwa rimu nyingine za kromu, nilikaa pembeni nikitazama kama mtu anayengoja ubwabwa. Kingo zilianza kufifia, kisha ule mng'aro ukaondoka vipande vipande, maji yakawa ya kijivu. Kinachobaki ni ile vanishi ya chini, ina unjano kidogo. Hiyo niliilainisha kwa msasa namba 600 wenye maji, nikaosha kwa sabuni, nikaacha ikauke kabisa, nikapuliza praima ya plastiki, ile rangi ya chini ya kushikiza, na tabaka tatu nyepesi za nyeusi isiyong'aa. Tabaka nyepesi. Nasema tena, nyepesi, maana mkono wa mtu mwenye haraka unaonekana kwenye rangi yake.

Na Jik usiichanganye na kitu chochote. Siki ikiingia humo inatoka gesi ya klorini, ile ya kuua. Hapo chini nitazungumzia siki, kwa hiyo nakuomba: siku ya Jik siki ibaki jikoni, na siku ya siki Jik isikaribie. Mimi vyombo vyake havikutani.

Sasa seti yangu nyingine. Niliiagiza nyeupe, nailoni, chapa ya PA ipo wazi nyuma ya kitovu. Ilikwama njiani Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika huko Kilwa. Nilikuwa nashangilia kila lori lililosemekana limevuka. Ilipofika nikataka niitie rangi yenyewe ndani ya plastiki, si kupaka juu, kwa sababu rangi ya kupaka inachunika kwenye mawe ya Mikindani kama ngozi ya mjusi. Nailoni inakunywa maji kidogo, ndiyo maana inaweza kunywa na rangi.

Kosa la kwanza: nilinunua rangi ya batiki. Nikaitia kostiki na hidro, zile dawa za kufanya rangi ya batiki iingie, kama wanavyofanya akina mama wa batiki, nikachemsha. Rimu zikatoka na mabaka ya kijani kama ukuta wenye ukungu, na nilipozisugua kwa sabuni nusu yake ikaondoka. Ile rangi imetengenezwa kwa ajili ya pamba. Nailoni inataka rangi za tindikali, zile zinazoshika sufi na hariri.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu wa Mikindani. Yeye husuka mikeka ya milala na hupika rangi zake mwenyewe uani. Alinikuta na jiko la mkaa na uso wa msiba. "Wewe nawe, mtu mzima, unapika matairi?" Nikamweleza. Hakucheka sana. Akaniuliza kama nilizilowesha kwanza. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nilizijaza zote nne kwenye sufuria moja ndogo. Nikanyamaza.

"Milala ikibanana inatoka na madoa," akasema. "Na ukiitia kavu, inakunywa upande mmoja inasahau mwingine."

Nikajaribu tena kwa seti ileile, baada ya kuzisugua mpaka mabaka yalipopungua. Safari hii nilitumia rangi ya chakula, ile ya unga wanayotilia ubuyu, kwa sababu nyingi ya rangi hizo zenyewe ni za tindikali. Nyekundu, pakiti mbili, na kikombe cha siki. Rimu nililowesha maji ya moto kwanza, nikatumia sufuria kubwa ya shangazi iliyokwisha kuwa nyeusi kwa kazi, nikaweka mbili mbili, nikageuza kila baada ya muda kwa kijiti. Moto wa kutokota tu, si wa kufurika. Baada ya nusu saa hivi niliona kitu ambacho sijakisahau: maji yalikuwa yanapauka. Rangi ilikuwa inahama, inaingia kwenye rimu. Shangazi akachota kijiko, akayatazama juani, akasema, "Imekubali."

Zilipotoka zilikuwa za damu ya mzee. Zikikauka zinapungua, shangazi alinionya kabisa kwamba kitu kibichi kinajisifu. Zilikauka nyekundu ya pilipili, na mabaka ya batiki yakaonekana kama michirizi ya mti. Watu wanadhani nilikusudia. Sijawahi kuwasahihisha.

Sikufichi upande wa pili. Rangi ya chakula haipendi jua, na jua la Mtwara unalijua. Baada ya miezi michache za kwangu zimerudi kuwa za waridi upande wa nje, nikazichemsha upya. Nyeusi sikuipata, nilichanganya nyekundu, buluu na kijani, nikapata rangi ya maini. Anayetaka nyeusi inayodumu atafute rangi ya kiwandani iliyoandikwa inafaa kwa nailoni, na sufuria hiyo isirudi kupika chakula tena. Na kumbuka huwezi kutoka kwenye giza kwenda kwenye mwanga: rimu nyeusi haichemshiki ikawa njano.

Vijana wangu, tunapenda sana kuona gari limesimama limependeza, hatupendi kugeuza rimu tusome herufi mbili. Tunamwamini mwenye sauti kubwa. Mimi nilimwamini, nikalipa kabla. Soma nyuma ya rimu. Jaribu kwenye kipande ambacho hukihitaji. Lowesha kwanza. Soma nyuma ya rimu, narudia, hata kama umechoka kunisikia.

Juzi nilikuwa Shangani na zile nyekundu. Yule fundi alipita na pikipiki ya mteja, akasimama, akachuchumaa kabisa kuzitazama. Nadhani hakunikumbuka.

"Mdogo wangu, hizi umezipata wapi?"

Nikamwambia Kariakoo.