Maswali na majibu: Visu vya mezani vya Ufaransa vyenye mipini ya mbao

Swali: Nimeuziwa visu sita vya mezani vyenye nyuki wa chuma shingoni na jina Laguiole kwenye bapa. Je, hiyo inatosha kuthibitisha vimetoka Ufaransa?

Jibu: Haitoshi. Laguiole ni kijiji cha nyanda za juu za Aubrac, kusini mwa Ufaransa, na kisu chake cha kukunja ni cha tangu karne ya 19. Kwa miaka mingi jina hilo halikuwa na kinga ya kutosha, kwa hiyo viwanda vya nchi nyingine vikalichapa kwenye visu vya bei ya chee, nyuki na vyote. Kwenye kisu cha kukunja nyuki hukaa mwisho wa springi. Cha mezani hakikunjwi, nyuki wake ni pambo tu.

Tazama mpini. Pitisha ukucha pale mbao zinapokutana na chuma. Kazi safi ya mkono haina ufa wala ngazi. Kisha panga visu vyote sita pamoja: michirizi ya mbao halisi haifanani kisu hadi kisu. Uliza pia jina la karakana, na muuzaji akibabaika, mrudishie visu vyake.

Swali: Mbona vyangu vimeandikwa Thiers?

Jibu: Usiwe na hofu. Mji huo wa Auvergne, katikati mwa Ufaransa, ndio kitovu cha visu vya Ufaransa tangu Zama za Kati, na hata Laguiole nyingi nzuri hutengenezwa huko. Mto Durolle ndio uliozungusha mawe ya kunolea. Wanoaji walilala kifudifudi juu ya ubao, uso karibu na jiwe, na mbwa akawalalia miguuni kuwapa joto. Nikishika kisu cha Thiers nawakumbuka watu hao.

Swali: Mpini wa mpingo ni mzuri?

Jibu: Mzuri sana. Mpingo wetu wa Tanzania na Msumbiji ni mzito hata unazama majini, na haunywi maji ovyo. Ila tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini, basi nunua kwa anayejua mbao zake zimetoka wapi. Mzeituni nao unapendeza.

Swali: Naweza kuviosha kwa mashine?

Jibu: Hapana! Joto na maji hufanya mbao zivimbe, kisha zinyauke na kuachana na ribiti, zile pini za chuma zinazoshikilia mpini. Osha kwa mkono, usiloweke, kausha papo hapo. Mara mojamoja paka mafuta ya kitani. Ya kupikia huchacha.

Swali: Vimeshakuwa butu, ingawa nyama ninayokata ni laini. Kwa nini?

Jibu: Ni sahani. Kauri ni ngumu kuliko chuma, na kila mkato unaogusa sahani hula makali. Tumia kinoo laini chenye maji, kwa mkono mwepesi, pande zote mbili. Vyenye meno mpelekee fundi.