Chama kinunue programu ya PDF, au iliyomo kwenye kompyuta inatosha?

*Maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta na kazi za ofisi. Anayejibu ni mama mwenye steshenari, Mtwara mjini.*

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni katibu wa AMCOS moja, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, wilayani Tandahimba. Bodi yetu imegawanyika. Fundi aliyekuja kutufungia kompyuta mpya ametuambia kwamba ofisi inayotaka PDF zinazokubalika lazima ilipie Adobe Acrobat Pro kila mwaka. Mwenyekiti amekubali. Mhasibu amekataa, anasema PDF inatoka hata kwenye Word. Kazi zangu ni mihtasari ya vikao, taarifa ya mwaka ya mkutano mkuu, orodha ya wanachama na kilo walizoleta, pamoja na barua zenye muhuri ambazo naziskani. Orodha ndiyo inanitesa zaidi, kila nikiitoa PDF safu ya namba za simu inahamia ukurasa wa pili. Tulipe au tusilipe?
*Katibu, Tandahimba*

JIBU: Marahaba mwanangu. Msilipe. Mhasibu wenu ameona vizuri, na naomba umsomee mwenyekiti jibu hili kabla hajasaini hundi, maana hiyo ni hela ya wakulima.

Nianze na hilo neno "zinazokubalika", kwa sababu ndilo lililomtisha mwenyekiti. Ni kweli PDF ilibuniwa na kampuni ya Adobe, ikatoka mwaka 1993. Lakini tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, namba 32000, na mtengenezaji yeyote wa programu anaruhusiwa kukifuata. Mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, akifungua taarifa yenu, atasoma hesabu. Hatakuuliza faili lilitengenezwa na programu gani. Word inatoa PDF yenyewe bila nyongeza yoyote tangu Office ya 2010, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 ilikuja na printa ya PDF ndani yake. LibreOffice, programu ya kazi za ofisi kama Word na ya bure kabisa, nayo inatoa PDF, na kwa mambo kadhaa inakupa uhuru wa kuchagua kuliko Word.

Sasa bei. Kwa bei ya Marekani, Acrobat Pro ni karibu dola 20 kwa mwezi ukijifunga mwaka mzima. Mwaka ni dola 240, zaidi ya shilingi laki tano, na mwakani mnalipa tena. Hata mnada ukifika shilingi 3,000 kwa kilo, hiyo ni korosho ya karibu kilo 200 inayokwenda kulipia kitu ambacho kompyuta yenu inacho tayari. Tena leseni ni ya mtumiaji mmoja, kwa hiyo karani wa ghala akihitaji naye, mnaanza upya.

Ila kuna jambo mhasibu hakulisema, na hapa ndipo makatibu wengi wanaokuja dukani kwangu na fleshi msimu ukifunguliwa wanapokosea. Ndani ya kompyuta ileile kuna njia mbili za kupata PDF, na hazitoi kitu kimoja. Ya kwanza ni kubonyeza kuprinti na kuchagua printa iitwayo Microsoft Print to PDF. Hiyo inafanya kazi kwa programu yoyote, lakini inachukua sura ya ukurasa tu. Vichwa vya habari havigeuki kuwa orodha ya kubofya pembeni, viungo vya intaneti vinakufa, na programu zinazowasomea kwa sauti watu wasioona hazipati mpangilio wa kufuata. Ya pili ni kwenda Save As na kuchagua PDF. Kabla ya kuhifadhi, bofya Options. Humo utakuta sehemu ya kutengeneza alama za vichwa vya habari, sehemu ya kuweka muundo kwa ajili ya wasioona, sehemu ya nywila, na ile ya PDF/A.

Hiyo PDF/A isikupite. Ni aina ya PDF iliyowekewa kiwango mwaka 2005 kwa ajili ya nyaraka za kutunzwa miaka mingi. Fonti zote, yaani maumbo ya herufi, zinafungwa ndani ya faili, na haitegemei chochote kilicho nje yake. Taarifa ya mwaka na mihtasari ya mkutano mkuu ihifadhi hivyo. Mwanachama akija kudai haki yake miaka kumi baadaye, faili litafunguka na kuonekana kama lilivyo leo. Nywila usiiweke kwenye nakala hiyo ya kumbukumbu, kwa sababu PDF/A haikubali kufungwa.

Kwa mihtasari na taarifa, basi, njia ya Save As inatosha kabisa. Sharti ni moja: vichwa vya habari uviweke kwa mitindo ya Word yenyewe, ile ya Heading, usikoleze wino na kukuza herufi tu. Ukikoleza tu, Word haijui kwamba hapo ni kichwa, na PDF nayo haitajua.

Orodha inayokatika haihusiani na PDF hata kidogo. Acrobat ya laki tano ingekupa orodha ileile imekatika palepale, kwa sababu ukurasa unapangwa na Excel kabla PDF haijazaliwa. Fungua Page Layout. Laza karatasi kwa upana. Kwenye sehemu ya kupima ukubwa, upana uweke ukurasa mmoja, urefu uuache wenyewe. Kisha nenda Print Titles, uchague mstari wa juu wenye "Jina, Namba ya Mwanachama, Simu, Kilo" ili ujirudie kila ukurasa. Mzee anayetafuta jina lake kwenye ukurasa wa tisa asilazimike kurudi mwanzo kujua tarakimu ipi ni kilo na ipi ni simu. Ukishapanga hivyo mara moja, hifadhi faili, na msimu ujao unabadilisha majina tu.

Barua zenye muhuri: skani kwa nukta 200 au 300 kwa inchi. Zaidi ya hapo unaongeza uzito tu. Zenye muhuri ziwe za rangi, nyingine ziwe nyeusi na nyeupe. Ukitaka kuunganisha barua tatu ziwe faili moja, weka PDFsam Basic, au PDF24 Creator ile inayokaa ndani ya kompyuta. Zote ni za bure na zinafanya kazi hata bando likiwa limeisha.

Nimesema ile inayokaa ndani ya kompyuta kwa makusudi. Hapa ndipo naomba unisikilize kuliko pote. Kuna tovuti nyingi za bure za kuunganisha, kupunguza na kubadili PDF. Ukipakia faili kule, nakala imetoka mikononi mwako na imekaa kwenye kompyuta ya watu usiowajua. Orodha yako ina majina ya wakulima, simu zao, kilo zao, na pengine akaunti zao za benki. Tapeli akiipata siku malipo ya mnada yanapoingia, anajua ampigie nani na amwambie nini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na chama kinachokusanya taarifa za wanachama kinabeba wajibu wa kuzilinda. Tangazo la kikao, ukipenda, lipitishe kwenye tovuti. Orodha ya wanachama, hapana.

Na ukitaka kubandika orodha ukutani au kuituma kwenye kundi la WhatsApp bila simu za watu, usichore kiboksi cheusi juu ya namba. Katibu mmoja aliniletea orodha ya namna hiyo nimprintie. Niliburuta kipanya juu ya weusi, nikanakili, nikabandika kwenye ukurasa mtupu, namba zote zikatokea mbele yake. Kiboksi kinafunika, maandishi yanabaki chini. Fanya hivi: tengeneza nakala ya faili la Excel, futa kabisa safu ya simu kwenye nakala hiyo, ndipo utoe PDF. Kwa barua iliyoskaniwa, LibreOffice tangu toleo la 6.3 ina kazi inayoitwa Redact. Inaugeuza ukurasa kuwa picha pamoja na weusi uliochora, chini hapabaki kitu.

Lini ningewaambia mnunue? Kama kila wiki mngekuwa mnapokea PDF za watu wengine na kulazimika kurekebisha maneno ndani yake, kufuta taarifa za siri kwenye mamia ya kurasa, au kugeuza makabrasha ya zamani yaliyopigwa chapa yaweze kutafutwa neno kwa neno. Hiyo ni kazi ya ofisi kubwa ya chama kikuu, au ya wakili, na huko hela inarudi. Ofisi ya namna hiyo ianze na siku saba za majaribio, ikiwa na mafaili yake halisi mezani. Ninyi mnaandika nyaraka zenu wenyewe, na mkitaka kusahihisha mnafungua Word ileile mnasahihisha, mnatoa PDF upya. Kwa hiyo tunzeni mafaili ya Word na Excel kama mnavyotunza stakabadhi. Wengi wanaodhani wanahitaji Acrobat ni kwa sababu walifuta faili la asili wakabaki na PDF peke yake.

Na huyo fundi akirudi na Acrobat "ya bure" kwenye fleshi, asiichomeke. Programu zilizovunjwa kufuli ndizo zinazobeba virusi, na kompyuta yenu ndiyo yenye hesabu za msimu mzima.

SWALI: Mama, nimeandika kitabu kidogo cha hadithi za watoto, nikakipanga kwenye Word na kukitoa PDF. Kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam wamekirudisha, wanasema rangi si za uchapaji na jalada halina ukingo wa kukatia. Kwenye kioo linaonekana zuri sana. Nimekosea wapi?
*Mwandishi, Mikindani*

JIBU: Hongera kwa kitabu, mwanangu. Hapa jibu ni kinyume cha lile la katibu: Word imefika mwisho wa uwezo wake.

Kioo kinatengeneza rangi kwa taa tatu, nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya uchapaji inatumia wino nne: buluu ya samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Word inajua zile tatu tu. Buluu ya bahari uliyoiweka kwenye jalada, inayong'aa kwenye kioo, wino haiwezi kuifikia, na kiwanda kikiibadilisha chenyewe unaweza usiipende. Ukingo nao ni lazima. Picha inayofika mwisho wa karatasi inapaswa kuzidi mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, kwa sababu kisu cha kiwandani kinaweza kusogea kidogo na kuacha mstari mweupe.

Bado sikwambii ununue kitu. Kuna Scribus, ya bure, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii: inajua wino nne, inaweka ukingo, na inatoa PDF/X, aina ambayo viwanda vya uchapaji vinaipenda. Inahitaji subira kujifunza. Kama huna muda, kurasa za ndani zikiwa za maandishi meusi matupu, baki nazo kwenye Word, hakikisha tu ukubwa wa karatasi ni ule wa kitabu na si A4. Jalada mpe mtu anayejua kupanga. Jalada ndilo linalomfanya mtoto anyooshe mkono, usilibanie. Kabla ya yote waombe kiwanda vipimo vyao kwa maandishi, pamoja na unene wa mgongo wa kitabu, ambao wao wataupiga hesabu kwa idadi ya kurasa na aina ya karatasi. Halafu dai nakala moja ya mfano kabla hawajachapa zote.

SWALI: Shikamoo Mama. Nafundisha sekondari Nachingwea. Sina kompyuta, mitihani naandika kwenye simu ya Android. Nikituma kwa WhatsApp ikaprintiwe, steshenari wanafungua na maswali yameruka ukurasa. Je, kuna programu ya kulipia ya simu unayoipendekeza?
*Mwalimu, Nachingwea*

JIBU: Marahaba Mwalimu. Usilipie. Unatuma faili la Word, na kompyuta ya steshenari haina fonti za simu yako, ndiyo maana maswali yanahama. Kama unaandika kwenye Google Docs, bonyeza vitone vitatu vya juu, uende sehemu ya kushiriki na kutoa nakala, uchague PDF. Kwa programu nyingine, bonyeza kuprinti, na mahali pa printa uchague kuhifadhi kama PDF. Android inayo kazi hiyo tangu toleo la 4.4 la mwaka 2013. Ukubwa wa karatasi uwe A4, kwa sababu simu nyingine zinaanza na karatasi ya Kimarekani iliyo fupi kidogo, na swali la mwisho linaponyokea ukurasa wa pili.

Michoro ya baiolojia uliyochora kwa mkono usiipige picha ya kawaida. Tumia sehemu ya kuskani iliyo ndani ya Google Drive, inanyoosha ukurasa na kufuta kivuli. Na huo mtihani uwekee nywila ya kufungulia kama programu yako inaruhusu. Nywila itaje kwa mdomo ukimpigia simu mwenye steshenari, isiandikwe kwenye ujumbe uleule uliobeba mtihani. Akimaliza kuprinti, mwombe afute faili kwenye kompyuta yake, na afute pia kwenye pipa la taka.