Barua kwa mwanangu: kabla hujakaa kiti cha mchambuzi

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku Kibokoni hatujambo, tunalalamikia joto tu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na mamako naye kausikia. Unasema runinga moja huko Nairobi imekuita uwe mchambuzi wao wa siasa kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027, nawe unaniuliza: "Baba, mtu aliyepanga kampeni ataaminiwa, au nitaitwa mpiga debe tu?"

Utaitwa, mama. Hilo halina dawa. Hapa barazani, mchambuzi akitokea kwenye runinga, kabla hajafungua kinywa wazee washamjua: huyu wa fulani, yule alikula kwa fulani. Juzi mmoja aliposema hana upande, muuza kahawa alicheka mpaka dele likamyumba mkononi. Watu hawakasirikii upande wako. Wanakasirika wakifichwa.

Kwa hivyo kazi ikubali. Una mambo ambayo msomi wa chuo hana. Mwaka 2022 uchaguzi wa gavana hapa Mombasa ulipoahirishwa siku moja kabla ya kura, kwa makosa ya karatasi za kupigia kura, ukaja kufanyika tarehe 29 Agosti, sisi tulijua tu kwamba tumeambiwa tungoje. Wewe ulikuwa na mawakala wa kulipwa upya, magari ya kutiwa mafuta tena, na wapiga kura waliokwisha kurudi makazini bara. Ulinieleza hayo jikoni huku ukimenya embe, nikaelewa kuliko vipindi vyote nilivyokesha navyo.

Ninachohofia kwako ni pesa na ukaribu wa wanasiasa. Marekani, Juni 2016, Corey Lewandowski aliondolewa kusimamia kampeni ya Donald Trump. Siku chache baadaye alikuwa CNN akichambua uchaguzi uleule, na kampeni bado ikimlipa. Mwaka huohuo CNN ikaachana na mchambuzi wake Donna Brazile, aliyesimamia kampeni ya Al Gore mwaka 2000, baada ya barua pepe zilizovuja kuonyesha kwamba aliwapenyezea watu wa Hillary Clinton habari za maswali ya midahalo mapema. Halafu yuko George Stephanopoulos, aliyetoka Ikulu ya Bill Clinton akaenda runinga ya ABC, akapanda hadi kuwa mtangazaji mkubwa. Mwaka 2015 ikajulikana amechangia wakfu wa Clinton dola 75,000 bila kuwaambia watazamaji. Aliomba radhi, lakini karibu miaka 20 ya utangazaji haikuzuia watu kurudi palepale: si alikuwa mtu wao?

Basi kama wale wa 2022 bado unawadai, au wamekuwekea kazi ya 2027, malizana nao kwanza, wakulipe ama uwasamehe. Ujitoe kwenye vikundi vyao vyote vya WhatsApp, hata kile cha mawakala wa Likoni mnachotumiana vichekesho. Najua utakikosa.

Utabiri waachie wenye haraka. Uliona 2022 runinga zilivyojumlisha Fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kila moja kivyake, tarakimu zikapishana, watu huku wakabaki kugombana kila mmoja na chaneli yake. Wewe tueleze fomu inajazwa na nani, wakala anasaini nini, na kwa nini nakala hubandikwa pale kituoni. Na siku chama chako cha zamani kitakapoharibu, liseme wewe mwanzo, kabla mtangazaji hajakuuliza. Watakupigia simu usiku wakutukane. Zima simu ulale.

Mkataba ukija, uliza wataandika nini chini ya jina lako kwenye skrini. Wakitaka "mchambuzi huru", kataa. Waandike kampeni uliyoifanyia kazi na mwaka wake. Watakwambia nafasi haitoshi. Mbona ya tangazo la sabuni hutosha?

Mamako anauliza utavaa buibui au suti. Nimemwambia akupigie mwenyewe.

Babako