Nimekutwa na jeni ya kansa, ndugu zangu nawaambiaje?

SWALI: Dada, naomba jina langu usilitoe. Nina miaka 39, nilitibiwa kansa ya titi na sasa naendelea vizuri, mama yetu ilimchukua hiyohiyo. Daktari alishauri nipime vinasaba, majibu yakaja nina hitilafu kwenye BRCA1, jeni ambayo ikiwa na hitilafu inaongeza hatari ya kansa ya titi na ya ovari, yaani mifuko ya mayai ya mwanamke, akasema niwajulishe ndugu zangu. Huu mwezi wa nne karatasi iko kwenye mkoba nimeikunja mpaka imechakaa, kila usiku namwandikia mdogo wangu meseji halafu nafuta, mwenyewe ni mwoga na ana mtoto mchanga. Kaka yetu najua atasema hayo mambo ya wanawake. Na binti yangu ana miaka 14, nikimwangalia amelala naona kama nimempa sumu. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, pole sana, ya kuugua na ya hii miezi minne pia, manake kulala na siri kama hiyo peke yako ni mzigo mwingine kabisa.

Naanza na hapo pa sumu maana ndo pameniuma. Hukumpa mtu kitu kwa kutaka, wewe mwenyewe umekipokea bila kuulizwa, na aliyekupa naye alipokea. Jeni ya BRCA1 yenyewe wanasayansi wameitambua mwaka 1994 tu. Halafu binti yako hujui hata kama anayo! Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, ni kama kurusha sarafu, na kila mmoja anarushiwa ya kwake.

Sasa mdogo wako. Naona unaogopa kwa sababu kichwani unaona ukimwambia ni kama unamsomea hukumu, kumbe hapo kuna mambo mawili na wengi tunayachanganya. La kwanza ni kwamba kwenye familia yetu kuna kitu kimeonekana na kinapimika, hilo ni haki yake kulijua. La pili ni je nipime au nisipime, hilo ni lake, anaweza kusema sio sasa, na usimsukume. Ila bila la kwanza hawezi kuamua la pili, na mtu mwenye jeni hii anaanza kuchunguzwa matiti kwa MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, akiwa bado kijana, na upande wa ovari ambako hakuna kipimo cha kutegemea cha kuikamata kansa mapema, madaktari hushauri ovari na mirija ya uzazi vitolewe akishamaliza kuzaa, kwa BRCA1 ni kati ya miaka 35 na 40. Kwa hiyo muda unahesabika jamani.

Habari yenyewe usimwandikie, mpigie, au mfuate mkae wawili. Usitupie kwenye grupu la familia, na sio siku ya msiba. Anza kwa kumuuliza, "kuna majibu yangu ya hospitali yanayotugusa sote, nikwambie leo au siku nyingine?" Hilo swali linampa nguvu kidogo. Ukimwambia asilimia mwambie zote mbili, kwamba katika wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1 kama 72 hupata kansa ya titi kufikia miaka 80, yaani 28 hawapati, na kwamba kuwa na jeni sio kuwa na kansa. Anaweza kukukatia simu. Mwache, atarudi na maswali wiki ijayo, hofu ndo ilivyo.

Na jiandae kwa hili ambalo watu hawalitegemei, anaweza kupima akakutwa hana, na badala ya kufurahi akalia, nimemwona mtu amefunika uso kwa kanga anasema kwa nini dada yangu na sio mimi. Usimwambie "si ushukuru", kaa naye tu.

Kaka yako usimruke kabisa. Familia nyingi wanawake wanaambiana wenyewe kwa wenyewe, kaka anaachwa, miaka ikipita binti yake anaugua ndo watu wanaanza kuulizana. Mwanaume anaibeba hii jeni na anairithisha sawasawa na mwanamke. Mwambie ni kwa ajili ya mabinti zake kama anao, na yeye mwenyewe amweleze daktari wake, amuulize kuhusu kansa ya tezi dume. Mpe kopi ya karatasi yako, manake ikishajulikana wewe una hitilafu gani, kwa ndugu maabara inatafuta palepale tu.

Binti yako hapimwi hii akiwa mtoto, atachagua mwenyewe akishafika 18. Ila anajua uliumwa, alikuona nywele zikitoka, akikuuliza mjibu alichouliza basi, usimwongezee na usimdanganye.

Wewe sasa. Kwa wengi hofu ya majibu hupanda mwanzoni halafu ndani ya mwaka inashuka, ila kwa aliyemuuguza mama yake inakuwa kali zaidi maana anajua inavyokuwa. Kama usingizi umekata mpaka leo rudi kwa yule aliyekupa majibu, omba ushauri nasaha, na muulize kama anaweza kukuandikia barua ya kuwapa ndugu, wengi huandika, hapo hutabeba maelezo yote kwa mdomo wako.

Meseji ya leo usiandike ndefu, andika hivi: "Mdogo wangu, kesho nakuja kukuona, nina jambo letu, mi niko salama." Hiyo usiifute.