Havasu kwa mtu wa Tanga
Dada uliyeuliza kama mtu aliyezoea kupanda Lushoto ataiweza safari ya siku tatu ya kwenda maporomoko ya Havasu kule Arizona, utaweza tu, ila jua kule mambo ni kinyume na kwetu. Unaanza kwa kushuka korongoni, kama kilomita 13 mpaka kijiji cha Supai halafu kama 3 tena mpaka kambini, kwa hiyo mlima wenyewe unakusubiri siku ya kurudi na miguu ishachoka, mwambieni kiongozi wenu muondoke alfajiri kabisa kabla jua halijawaka. Pale Mooney, maporomoko mengine ya huko huko, unashuka kwa minyororo na ngazi zimelowa chepechepe, beba glavu. Julai mpaka Septemba mi nisingeenda, mafuriko ya ghafla yale hayana utani.