Kabla Hujakikataa Kitabu cha Picha, Tazama Kidole cha Mtoto

Kitabu chenyewe kilikuwa na maneno yasiyofika mia. Nilikisoma nimesimama, nikakimaliza kabla sijavuta kiti, nikasema moyoni kwamba pesa yangu imekwenda bure. Bata, mvua, dimbwi, bata tena.

Usiku nikampakata mwanangu, wakati huo hajatimiza miaka mitatu, tukakifungua. Ukurasa wa pili akanizuia mkono nisifunue. Kidole chake kilikuwa juu ya konokono mdogo chini ya jani, ambaye maneno hayamtaji popote. Tulipofunua, akamtafuta tena na kumpata. Tukamfuata konokono yule hadi jalada la nyuma, na kitabu nilichokimaliza kwa dakika moja kikatuchukua karibu nusu saa.

Tangu siku hiyo, nikisikia mzazi akilalamika kwamba kitabu fulani "hakina kitu", huwa namuuliza kwanza: ulikisoma na nani? Sisi watu wazima macho yetu hukimbilia maneno. Mtoto asiyejua kusoma hana pa kukimbilia ila picha, naye huzisoma kwa umakini ambao wengi wetu tumeshaupoteza. Ndiyo maana watu wawili hushika kitabu kimoja na kutoa hukumu mbili zisizofanana kabisa.

Isitoshe, uchache wa maneno hauna maana kwamba mwandishi ni mvivu. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa za mtambo wa uchapaji hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Katika nafasi hiyo ndogo, mchoraji hubeba sehemu kubwa ya hadithi. Nina jaribio langu dogo: nasoma maneno nikiwa nimefunika picha, kisha nazitazama picha bila kusoma. Kama kila upande unasema kilekile, kitabu hicho hunichosha mapema. Kama picha inajua jambo ambalo maneno yamelinyamazia, nakichukua. Halafu nakisoma kwa sauti, maana sentensi inayokwama mdomoni leo itakwama kila usiku.

Ugomvi mkubwa zaidi, hata hivyo, huwa juu ya picha za kutisha. Mimi na dada yangu tulibishana kwa majuma kadhaa kuhusu kitabu chenye dubwana la meno makubwa. Mwanangu alilicheka, binti yake akalia na kukataa kulala peke yake. Dada akasema kitabu kile hakifai kwa mtoto yeyote, nami nikasema anamdekeza. Naona sasa kwamba kila mmoja wetu alikuwa akimsemea mtoto wake mwenyewe huku akidhani anawasemea watoto wote.

Ubishi huu si mpya. Mwandishi na mchoraji Maurice Sendak alipotoa kitabu chake cha madubwana, Where the Wild Things Are, huko Marekani mwaka 1963, wapo watu wazima waliohofia kwamba kingewatia watoto woga. Mwaka uliofuata kikapata Medali ya Caldecott, inayotolewa kwa michoro ya vitabu vya watoto. Ukikitazama taratibu utaona mchoraji alivyopanga: picha zinaanza ndogo, zinakua kadiri mvulana anavyoingia katika njozi zake, hadi kurasa za katikati ambazo hazina neno hata moja. Kisha maneno yanarudi, na mvulana anarudi chumbani kwake, chakula kikimngoja. Mtoto anapelekwa penye hofu, kisha anarudishwa nyumbani salama. Hilo ndilo ninalolitafuta katika kitabu chochote cha kutisha: je, kinamrudisha mtoto?

Kwa hiyo ukisoma maoni ya wazazi wengine, angalia mtoto wao ana umri gani na kitabu kilisomwa mara ngapi. "Mwanangu wa miaka miwili anataka kurasa za kadibodi tu, za karatasi anazichana" ni maoni yenye msaada. "Kibaya" peke yake hakikusaidii, na "kizuri sana" vilevile. Mtoto akiogopa, funga kitabu, kiweke rafu ya juu, usimlazimishe wala usimcheke. Nisichokivumilia mimi ni kitabu chenye picha zinazodhalilisha watu fulani. Hicho hakingoji rafu, hakiingii nyumbani kwangu.

Mpwa wangu alipotimiza miaka minne aliniomba mwenyewe kile kitabu cha dubwana. Akanikalia mapajani. Tulipofika kwenye ukurasa wa meno, akaufunika kwa viganja viwili, akasema, "Mama mkubwa, soma." Nikasoma. Usiku uliofuata alifunika kwa kiganja kimoja.