Koti la mvua la kuendeshea baiskeli: jipya la dukani au la mtumba?

SWALI: Naendesha baiskeli kila siku kutoka Kinoo hadi kazini Westlands, kama kilomita 12 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Asubuhi ni mteremko, jioni ni kupanda, na mvua hunikuta zaidi jioni. Reinkoti yangu ya plastiki haivuji hata tone, lakini nikifika nyumbani shati limelowa chapachapa kana kwamba sikuvaa kitu. Nimeona makoti mawili. Moja ni jipya, limeandikwa 10,000/10,000, ni fupi kiunoni na halina zipu kwapani. La pili ni la mtumba pale soko la Toi: Gore-Tex (kitambaa kinachozuia maji lakini hupitisha mvuke) ya matabaka matatu, la wapanda milima, lina zipu kwapani na bei yake ni nusu ya lile jipya, ila utepe wa ndani shingoni umeanza kubanduka kama urefu wa kidole. Nichukue lipi? Na hizo namba maana yake nini?

JIBU: Chukua la mtumba, kwa sharti kwamba kasoro yake ni hiyo ya shingoni tu. Kinachonivuta ni zile zipu za kwapani kuliko jina lililoandikwa kifuani, na safari yako yenyewe ndiyo inayoamua hivyo.

Misuli hugeuza kama robo tu ya nishati kuwa mwendo. Robo tatu zinazobaki ni joto. Ukipanda kuelekea Kinoo huku unasukuma pedali kwa wati 150, mwili unazalisha joto la wati 450 hivi, na njia yake kubwa ya kulitoa ni jasho. Mtu anayepanda kwa bidii hutoa nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Reinkoti ya plastiki hulifungia jasho hilo lote ndani, ndiyo maana shati lako linalowa hata koti likiwa zima.

Sasa namba. Ile 10,000 ya kwanza ni ya kuzuia maji: kitambaa kilistahimili uzito wa maji yaliyosimama kwa kimo cha milimita 10,000, yaani mita 10, kabla ya kupenyeza. Hicho ni kipimo kizuri kabisa kwa mwendesha baiskeli. Mvua yenyewe haisukumi kwa nguvu hivyo. Kinachosukuma ni kamba za begi zinazobana mabega. Kulipia koti lenye namba 20,000 kwa safari ya kilomita 12 ni kulipia kitu usichokitumia.

10,000 ya pili ni gramu za mvuke zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Igawanye: ni kama gramu 417 kwa saa. Mtu akisikia hivyo huona karibu nusu lita inatoka, basi tatizo limekwisha. Lakini hicho ni kipimo cha maabara. Katika mojawapo ya vipimo vya Kijapani vinavyotumiwa sana, kitambaa huwekwa kati ya maji na myeyusho wa chumvi wenye kiu kali ya maji, unaoufyonza mvuke mara tu unapovuka. Jioni ya Aprili pale Waiyaki Way hakuna chumvi nje ya koti lako; kuna mvua. Tena vipimo ni vya aina kadhaa na matokeo yake hayalinganishwi, kwa hiyo 10,000 ya kampuni moja inaweza kuzidi 15,000 ya nyingine. Ukikuta lebo yenye kipimo cha RET, yaani jinsi kitambaa kinavyoukinza mvuke usitoke, kiamini zaidi, na kisome kinyume: chini ya 6 ni bora sana, 6 hadi 13 ni nzuri, ikizidi 20 utapikika ndani.

Mvuke husukumwa nje na tofauti ya kanieneo ya mvuke kati ya ngozi na hewa. Ngozi yenye jasho kwenye nyuzi 35 ina kilopaskali 5.6 hivi, hewa ya mvua ya Nairobi kwenye nyuzi 16 ina 1.8. Tofauti ni 3.8, na koti linafanya kazi. Dar es Salaam au Mombasa, mvua ikinyesha kwenye nyuzi 26, hewa ina 3.4 na tofauti inashuka hadi 2.2. Kwa hiyo msomaji wa pwani asiuze mbuzi kununua Gore-Tex. Kule ni afadhali kulowa mvua ya vuguvugu na kubeba shati kavu kwenye mfuko uliofungwa vizuri.

Kuna jambo jingine linalowafanya watu walaumu koti bure. Juu ya kitambaa cha nje hupakwa dawa inayofanya maji yajikunje kuwa matone na kuteleza. Dawa hiyo ikichakaa au ikifunikwa na uchafu, kitambaa cha nje kinakunywa maji. Utando wa ndani, ule mwembamba unaozuia maji na kupitisha mvuke, bado unayazuia, lakini sasa umefunikwa na tabaka la maji baridi: mvuke unakosa pa kupitia, unagonga ubaridi huo na kugeuka matone upande wa ndani, kama kifuniko cha sufuria ya wali. Mtu anavua koti, anaona maji ndani, anasema linavuja. Koti linalovuja kweli hulowesha sehemu fulani, kwa mfano mstari wa mshono begani au chini ya zipu ya mbele. Lenye mvuke uliokwama hulowesha mgongo mzima, kifua na mikunjo ya viwiko.

Haya, rudi Toi ukiwa na chupa ndogo ya maji. Hata kama muuzaji atakuapia kuwa hiyo ni kamera ya robota, yaani chaguo la kwanza lililo bora, ligeuze koti ndani nje, ulipeleke kwenye mwanga wa jua, uanze na mishono. Kila mshono unapaswa kuwa na utepe mwembamba uliogandishwa juu yake, kwa sababu kila tundu la sindano ni tundu la maji. Pitisha ukucha ukingoni mwa utepe, polepole, kutoka shingoni hadi begani, kisha uzunguke kwapa. Utepe mzima hauinuki. Unaokaribia kufa una ukingo mgumu uliojikunja, na chini yake unaona gundi ya manjano iliyokauka kama maganda. Ukiinuka shingoni tu, hilo linatengenezeka. Ukiinuka pia begani na kwapani, gundi yote imezeeka kwa pamoja, na utakachokuwa unarekebisha leo kitafuatwa na kingine mwezi ujao. Liache.

Kisha tazama kitambaa chenyewe. Kwenye koti la matabaka matatu utando umebanwa katikati, kati ya kitambaa cha nje na kitambaa laini cha ndani. Ukiona malengelenge, mahali kitambaa kimejitenga na kuvimba, hasa mabegani na kwenye kola, tabaka limeachana na halina tiba. Makoti yaliyopakwa poliyurethani hufa kwa namna yake: upande wa ndani hunata vidoleni, hutoa vumbi jeupe au maganda, na hunuka kama kitu kilichochacha. Joto na unyevu ndivyo vinavyoivunja poliyurethani, na nguo ya mtumba imekaa muda mrefu ikiwa imebanwa. Nusa koti. Wengine watakushangaa, lakini pua haidanganyi kwenye jambo hili.

Mwisho dondosha maji begani na mgongoni. Yakijikunja kuwa shanga, dawa ya nje iko hai. Yakisambaa na kuacha doa jeusi, usilikatae koti kwa hilo peke yake, kwa kuwa dawa hufufuliwa au hupakwa upya. Tumia doa hilo kupunguza bei.

Unapochambua mitumba utakutana pia na makoti ya wafanyakazi wa barabara wa Ulaya, yenye lebo ya EN 343, kiwango cha Ulaya cha nguo za mvua, na namba chini ya mchoro. Ya kwanza ni ya maji, ya pili ni ya mvuke. Daraja la juu kabisa ni 3 kwa toleo la zamani na 4 kwa toleo la 2019. Mengi yana 3 kwa maji na 1 kwa mvuke. Hiyo 1 ni reinkoti yako ya sasa iliyotiwa rangi ya kung'aa.

Kuhusu lile jipya, muulize muuzaji kama mishono yote ina utepe au ni ile ya mabega na kofia pekee. Makoti mengi ya bei ya kati yamezibwa sehemu hizo tu, na ukiinama kwenye usukani mvua hupiga mikono na mshono wa kwapa, mahali palipoachwa wazi. Hata likiwa limezibwa lote, bila zipu za kwapani bado litakutesa kwenye mpando. Hewa inayopita kwenye uwazi wa sentimita 25 chini ya mkono hutoa unyevu mwingi kuliko utando wowote.

Mkato nao una neno. Usilijaribu koti ukiwa umesimama wima kama unayepigwa picha. Inama, nyoosha mikono mbele kana kwamba umeshika usukani. Mikono ya koti ifike kwenye kifundo na ibaki hapo. Ikipanda hadi nusu ya mkono, mvua itaingia na kutiririka hadi kiwikoni. Mgongo ufunike mkanda wa suruali na kuzidi kwa sentimita kumi hivi. Mbele kuwe kufupi, la sivyo kitambaa kitajikunja tumboni na kukusanya maji. Koti la wapanda milima kwa kawaida ni fupi kidogo nyuma kwa kazi hii, kwa hiyo funga madigadi ya nyuma yanayofika chini. Bila madigadi, maji yanayorushwa na tairi huingia kutoka chini, na hakuna koti linalozuia hilo. Kofia ya koti iache imekunjwa. Ikivaliwa juu ya helmeti huziba macho ya pembeni, na barabara yenye matatu inahitaji uweze kugeuza shingo na kuona. Kapelo nyembamba yenye ukingo chini ya helmeti inatosha. Na kwa kuwa jua la Nairobi huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika kumi hivi, hakikisha kuna ukanda wa kung'aa mikononi na kwenye mkia wa koti, kwa sababu ule wa mgongoni hufunikwa na begi. Bora zaidi, toa begi mgongoni ulifunge kwenye keria: mgongo utapumua, na kamba hazitasugua dawa ya mabegani.

Ndani usivae fulana ya pamba. Hunyonya jasho na kulishikilia. Jezi ya mpira ya poliesta inafaa kabisa, ikiwa na mikono mirefu ni vizuri zaidi, kwa maana kitambaa cha koti hakitagandamana na ngozi. Asubuhi ukiteremka funga kila kitu. Jioni fungua zipu za kwapani na ushushe ya mbele hadi kifuani kabla ya kuanza kupanda, ukiwa bado unahisi baridi kidogo. Ukingoja jasho lianze, umechelewa: likishalowesha jezi, halitoki tena hadi ufike. Kama ni manyunyu tu, vua koti kabisa kwenye mpando mkali.

Ukishalinunua, lifue kabla ya kulivaa. Tumia sabuni ya maji kidogo, si ya unga wala dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa mabaki yake huvuta maji. Maji yasizidi nyuzi 30, suuza mara tatu, lianike kivulini. Likikauka, soma lebo. Kama inaruhusu pasi, weka kitambaa chembamba cha pamba juu yake na upige pasi ya umeme kwenye joto la chini, bila mvuke. Joto ndilo linaloamsha dawa ya nje. Jua peke yake halitoshi. Pasi ya makaa usiitumie hapa, huwezi kuiamuru joto. Maji yakiendelea kusambaa baada ya hapo, nunua dawa ya kupaka upya. Ujue pia kwamba dawa mpya zisizo na florini, ambazo viwanda vinahamia kwa sababu ya sheria kama ile ya California iliyoanza Januari 2025, hushindwa mapema na mafuta. Girisi ya cheni na losheni vifutwe mara moja.

Ule utepe wa shingoni usipelekwe kwa fundi wa cherehani. Sindano itaongeza matundu. Futa gundi ya zamani na pande zote mbili kwa spiriti, acha pakauke, laza utepe mahali pake, weka kitambaa chembamba juu na ubonyeze pasi ya joto la chini kwa sekunde tano hadi nane. Lazia kitabu kizito hadi papoe. Ukibanduka tena ukiukwangua kwa ukucha, gundi imekufa: ng'oa kipande hicho na upake gundi ya poliyurethani ya kuzibia mishono, tabaka jembamba, ukiache usiku kucha na mchana wake.

Halafu kabla ya kulitegemea barabarani, tengeneza bakuli kwa sehemu hiyo ya kola juu ya beseni, upande wa nje ukiangalia juu, mimina maji kikombe kimoja, subiri dakika kumi, kisha gusa chini yake kwa karatasi ya tishu kavu. Fanya vivyo hivyo kwa kila bega. Ni vizuri mkubaliane na muuzaji mapema kwamba bega likipitisha maji utalirudisha kesho yake.